Dogo kazimika na nipa na vali, wenzake nawaambiaje wanielewe?

KochaChikongola

Wakuu habari za usiku. Naomba mnisaidie mawazo maana nimekaa na hili jambo wiki 2 sasa na kila nikilala linarudi. Mimi nafundisha timu ya mtaani hapa Mtwara mjini, vijana wa miaka 14 mpaka 19, si timu kubwa, tunacheza mchangani, siku tukibahatika tunaenda Nangwanda kuangalia wakubwa. Sasa mnajua huku kwetu ukifika msimu wa korosho hela inazunguka, kila wikiendi kuna shughuli, mara harusi, mara watoto wametoka jandoni, kigodoro mpaka asubuhi. Jumamosi ile tulishinda mechi, madogo wakaenda kigodoro mtaa wa pili. Kumbe wana nipa, ile gongo ya mabibo ya korosho, kwenye chupa ya maji ile ya lita moja na nusu, wameichanganya na enaji, halafu kuna mmoja kaja na vidonge kwenye karatasi ya daftari wanaviita vali, yaani Valium, dawa ya kutuliza na kuleta usingizi. Golikipa wangu, ana miaka 17, alikunywa na akameza 3. Wanasema saa 6 usiku ulimi ulianza kuwa mzito, saa 7 keshazima.

Wenzake hawakumkimbia, hilo naomba mlielewe, sio watoto wabaya. Walimbeba wakamlaza barazani kwa kina mmoja wao, chali, wakamfunika kanga, wakasema mwache alale asubuhi atakuwa freshi. Wakarudi kucheza.

Aliyemuokoa ni mama muuza vitumbua. Saa 11 alfajiri anawasha jiko lake akasikia mkoromo, anasema haukuwa mkoromo wa mtu aliyelala, ulikuwa kama maji yanachemka kwenye birika, halafu unakata kabisa kimya, yeye anasubiri, halafu unarudi. Kumgusa wa baridi, kucha zimekuwa rangi ya jivu. Akapiga kelele watu tukatoka tukampakia kwenye bajaji. Alikaa hospitali siku 4, matapishi yalishaingia kwenye mapafu. Sasa yuko nyumbani, anatembea, ila akipanda ngazi tu anahema kama mzee.

Wazazi wakaniambia kocha wewe ndo wanakusikiliza, ongea nao. Nikaongea. Nikasema pombe mbaya, dawa za kulevya mbaya, mtaharibu maisha. Wakawa wanaangalia viatu vyao. Halafu winga wangu mmoja mdomo wazi huyo akasema "Kocha, mbona wewe Safari unakunywa?" Wakacheka wote, na kweli nakunywa, bia zangu 2 Jumapili jioni na wananionaga. Sikuwa na jibu wakuu, nikapuliza filimbi tukaendelea na mazoezi.

Hivi hawa watoto unawafundishaje hatari ya kuchanganya vitu bila kuwa kama tangazo la redio? Msimu haujaisha, shughuli zipo mpaka Januari.

---

NesiWaLindi

Pole sana kocha, na huyo mama wa vitumbua mpelekeeni zawadi, nasema kweli.

Mimi ni nesi, niko Lindi, nimekaa sana mapokezi ya dharura usiku. Kwanza acha neno "mbaya". Mtoto wa miaka 17 ukimwambia mbaya yeye anakumbuka wiki iliyopita alikunywa na hakikutokea kitu, kwa hiyo wewe muongo. Mwambie inavyofanya kazi, hapo hana pa kubishia.

Mimi huwa nawaambia hivi, na kwa kuwa wa kwetu wote wanalijua ghala la korosho wananielewa. Ndani ya kichwa chako, chini kabisa ya ubongo karibu na shingo, kuna mlinzi wa usiku. Kazi yake ni moja tu ukilala, kukumbusha kifua kivute pumzi, na kama kuna kitu kimeingia njia ya hewa akukohoze. Pombe inamsinzisha. Vali nayo inamsinzisha mlinzi huyo huyo, sio mwingine. Unga (heroini) pia, tramado pia, na zile dawa za kikohozi zenye kodini pia. Kikiwa kimoja na kidogo mlinzi anapiga miayo ila yuko macho. Viwili kwa pamoja analala fofofo. Hapo hata kama hujatapika pumzi zinapungua, na ukitapika ukiwa chali hakuna wa kukukohoza, unavuta matapishi yako mwenyewe. Ndicho kilichompata golikipa wako.

Jambo la pili ambalo vijana hawalijui kabisa: mtu akizimika haimaanishi kafika mwisho wa kulewa. Ile aliyokunywa nusu saa iliyopita bado iko tumboni inaendelea kuingia kwenye damu. Kwa hiyo mnamlaza saa 7 akiwa hivi, saa 8 kalewa zaidi, na hajanyanyua hata glasi. Na vali haitoki haraka, aliyemeza jana usiku leo bado anayo ya kutosha, wengine hata siku 2 au zaidi. Kwa hiyo dogo anayesema "mi sikuchanganya, vidonge nilikula jana, leo nimekunywa tu" amechanganya.

Tena ni nipa. Bia unajua ni asilimia 5 hivi, konyagi imeandikwa 35 kwenye chupa, nipa hata aliyeipika hajui. Na enaji inadanganya, inafanya ujione uko macho wakati ulevi uko pale pale, ukijiona uko macho unaongeza.

Hilo "mwache alale" ndo la kupigana nalo kocha. Sisi tunaowapokea asubuhi tunaambiwa maneno hayo hayo kila mara.

---

MzeeWaNidhamu

Hizi ndo shida za siku hizi. Mnakaa mnawafundisha watoto kwamba vali inakaa siku 2, sijui bia asilimia ngapi, si mnawapa darasa la kuchanganya vizuri? Sisi tulipokuwa wadogo ukionekana tu umesimama karibu na kilabu unachapwa na mzazi yeyote anayepita, hakuna cha mlinzi wala ghala. Viboko kocha, na aliyeleta vidonge apelekwe polisi. Mada imeisha.

---

mstaafu_kkoo

Mzee shikamoo. Naomba nikujibu kwa heshima maana mimi hivyo viboko nilivila vyote, na mjomba wangu alikuwa fundi wa kuchapa, Mmakonde haswa, na bado nikaishia Kariakoo nabwia unga.

Mi ni mtu wa Mikindani, niliondoka na mabegi ya mtumba kwenda Dar kumachinga. Nilianza na bia na msuba kama kila mtu, baadae ngada, yaani huo unga. Nimekaa humo miaka, sasa nakunywa methadoni, dawa ya kuachia unga, ile huduma ilianza Muhimbili 2011 mimi niliingia nyuma kidogo, kila siku asubuhi unapanga foleni unapewa dozi unakunywa mbele ya nesi. Na nikwambie kitu, ukija pale unanuka pombe hawakupi. Hata ulie. Mwanzo nilidhani ni roho mbaya, nikamtukana dada wa watu. Akaniambia kaka, hii na hiyo uliyokunywa zinafanya kazi moja, nikikupa leo kesho sikuoni. Basi.

Kocha washkaji zangu niliowazika karibu wote hakuna aliyekufa kwa kete peke yake. Mmoja alikuwa anaumwa arosto, yale maumivu ya kukosa unga, hela ya kete haitoshi, akapata nusu akamalizia na konyagi kubwa. Mwingine alitoka jela, kakaa miezi 8 msafi kabisa, mwili umeshasahau, watu wakamfanyia sherehe, bia juu, akavuta kipimo chake cha zamani. Tulimkuta chooni. Na wote sisi tulikuwepo nyumba hiyo hiyo, na wote tulisema kalala huyo. Mi mwenyewe nilimvua viatu ili alale vizuri.

Hicho kiatu bado nakikumbuka kilikuwa na kamba ya njano.

Sasa mzee unasema viboko. Viboko vinamfundisha mtoto kujificha. Hawa madogo wa kocha unadhani kwa nini hawakumwita mtu mzima usiku ule? Walijua watachapwa. Mtoto anayeogopa kuchapwa akimuona mwenzake kazima anasubiri asubuhi, na asubuhi ni mbali.

Kocha usitafute mtu wa kuwatisha. Watishe leo, Jumamosi muziki ukipigwa wameshasahau.

---

BodaMasasi

Wakuu mi naomba kuuliza tu hapa kijiweni kwetu wengi wanapiga tungi na majani, hiyo nayo inaua? Maana mi mwenyewe siku moja nilikunywa bia 3 nikavuta kidogo nikasikia dunia inazunguka nikatapika mpaka nyongo nikasema leo kwisha habari yangu, ila kulala nikaamka mzima. Na cha pili wale wanaokula mirungi ili wasilewe ni kweli hawalewi?

Afu huyo mzee asikasirike, viroba vya pombe vilivyopigwa marufuku 2017 wote tulisema yameisha, yameisha wapi.

---

NesiWaLindi

BodaMasasi kaka, bangi kumzimisha mtu pumzi kama vali sio kawaida yake, ila pombe inafanya bangi iingie kwa nguvu zaidi kwenye damu, ndo maana ulizungukwa na dunia kwa bia 3 tu. Hatari yake ni kutapika ukiwa umelala chali, na kuendesha. Wewe una pikipiki na abiria nyuma, barabara ya Masasi ile na malori yale ya makaa, sihitaji kusema mengi.

Mirungi ni kama enaji, inakuondolea usingizi haikuondolei ulevi. Unabaki mlevi uliye macho, na moyo unapigishwa mbio upande mmoja na kulazwa upande mwingine. Kokeini na pombe ni mbaya zaidi ya hapo, ini linavichanganya linatengeneza kitu cha tatu kabisa kinachokaa muda mrefu na kuchosha moyo, hata kijana anaweza kuanguka kwa moyo. Huku kwetu kokeini sijaiona sana, naacha.

---

MamaKevoNewala

Mimi sio mtu wa pombe ila nimesoma mpaka mwisho kwa sababu nina watoto wa kiume 3. Swali langu, mbona mnaongelea dawa za kulevya tu? Hizi za kawaida za dukani je? Mume wangu akiwa na hangova anameza Panadol 4 na chai, na shemeji yangu aliandikiwa flajili akaendelea kunywa tu anasema ni dawa ya tumbo haina shida.

---

NesiWaLindi

Dada swali zuri na ndo somo ambalo vijana wanalikosa, wanadhani hatari iko kwenye kitu cha haramu tu.

Flajili na pombe hapana. Karatasi yake inakataza mpaka siku 2 au 3 baada ya kumaliza dozi. Wapo wanaotapika vibaya, uso unawaka, moyo unadunda. Shemeji asubiri.

Panadol 4 kwa mpigo ni nyingi hata kwa asiyekunywa, 2 zinatosha, na kwa mtu anayekunywa sana ini lake tayari lina kazi. Mwambie maji mengi na uji, na chumvi kidogo.

Piriton na dawa za mafua zinazolevya, zinaongeza usingizi juu ya usingizi. Anayetumia dawa za TB ini linabeba mzigo mara mbili. Wenye sukari ndo nawaogopea zaidi, pombe bila kula inashusha sukari, na mtu aliyeshukiwa sukari anaonekana kama mlevi, anaongea ovyo, anayumba, watu wanamcheka, kumbe anakufa. Nimeshaona mzee analetwa na harufu ya uraka mtupu, kupima sukari iko 1.9. Tungemwacha alale angelala moja kwa moja.

Na vali yenyewe ni dawa halali, ya hospitali, sisi tunaitumia kila siku kwa degedege. Duka halitakiwi kuiuza bila cheti. Mara nyingi inatoka kabatini kwa bibi, kocha waulize vizuri hao madogo ilitoka wapi, bila kiboko.

---

BibiMabibo

Asalaam aleykum wote. Mimi ni bibi, nina miaka 71, anayeandika ni mjukuu wangu mimi nasema yeye anabonyeza. Niko Tandahimba.

Nimesomewa yote. Nataka kusema kwa sababu mimi nimekamua mabibo tangu ujana. Uraka ni maji ya mabibo, unakamua leo kesho unakunywa, ni tamu, zamani tulikunywa shambani wakati wa kuokota korosho na hakuna aliyezimika, alilewa akaimba akalala akaamka. Nipa ni uraka uliopikwa ukatolewa moshi. Ile inayotoka mwanzo ukiwasha kibiriti inawaka. Anayeuza vizuri anajua kuitenga, anayetaka hela haitengi. Mimi niliacha kupika nipa zamani, serikali haitaki na mimi mwenyewe nilimzika mtu kwa sababu yake. Watoto wa leo wanadhani ni kitu kimoja, wanasema ni mabibo tu bibi ni matunda. Waambieni sio kitu kimoja.

La pili. Huyo kocha anauliza wafundishwe vipi. Sisi tulifundishwaje? Mtoto alipoingizwa jandoni au unyagoni hakuwekewa kiti akahubiriwa. Aliimbiwa. Alitegewa kitendawili akakosa, akacheka, akaambiwa maana yake. Alifanyishwa kwa mikono. Nyakanga, yule mwalimu wa unyago, hakusema usifanye hivi kwa sababu ni vibaya, alikuonesha mwiko kwa kuucheza mpaka unaona aibu. Na wimbo wa unyago mimi nina miaka 71 naujua bado, lakini niulizeni padri au shehe alihubiri nini mwaka jana.

Mjukuu anacheka hapa.

Na mjomba yuko wapi? Kwetu mtoto ni wa mjomba. Huyo golikipa hana mjomba?

---

KochaChikongola

Bibi shikamoo. Mjomba anaye, yuko Dar anauza simu, ndo hivyo tena.

Wakuu nimesoma yote, nimeyasoma mara 2. Mstaafu pole sana kaka, hiyo ya kiatu imenikaa. Mzee wa nidhamu sijakudharau, ila vidonge nimeshauliza vimetoka wapi na ni kweli vilitoka kabatini, kwa babu yake mmoja aliyepooza, na dogo aliyeviiba hajaja mazoezini tangu siku ile. Nikimpeleka polisi nimempoteza kabisa.

Nesi nina swali la mwisho kabla sijaongea nao tena. Nikiwaambia "usimwache alale" wao wataniuliza sasa tufanye nini, usiku wa manane, hatuna gari. Naomba uniambie kama unamwambia mtoto.

---

NesiWaLindi

Sawa. Kwanza wamuamshe kweli kweli. Wamwite jina kwa sauti, wamfinye bega kwa nguvu. Akifumbua macho akajibu kitu cha maana yuko afadhali, ila asiachwe peke yake. Asipojibu, au anakoroma kwa kukata kata, au pumzi ni za kuhesabu yaani kati ya moja na nyingine unaweza kuhesabu mpaka 8 polepole, au ana baridi, au midomo na fizi na kucha zimekuwa kijivu, hapo hakuna mjadala, hospitali. Kwa ngozi yetu nyeusi usiangalie shavu, fungua mdomo uangalie ndani.

Wakati usafiri unatafutwa wamlaze ubavu, sio chali. Mkono wa upande wako unyooshe pembeni, mkono wa pili uvushe kifuani kiganja kikae chini ya shavu, kunja goti la upande wa mbali, vuta. Kichwa kiegemee nyuma kidogo ili koo lifunguke, mdomo uelekee chini, akitapika yatoke nje. Mtu mmoja akae naye aangalie kifua.

Akiacha kupumua kabisa mlazeni chali sasa, mikono miwili katikati ya kifua, mbonyeze kwa nguvu na haraka mpaka msaada ufike, na wapokezane.

Na mambo ya nyumbani waache. Maziwa, hapana. Maji ya ndimu, hapana. Kumtia vidole atapike, kumwagia maji ya baridi, kumtembeza mabegani mwa watu, kahawa, hapana yote. Hajui kumeza huyo, unachomnywesha kinaenda kwenye mapafu.

Hospitali nikiuliza amekula nini sijaribu kumkamata mtu. Nataka kujua nimpe nini. Kama ni unga ipo dawa ya sindano, naloksoni, inaamsha mtu ndani ya dakika chache, ila kwa pombe na vali haisaidii kitu, hapo ni kumsaidia kupumua mpaka vitoke. Mkisema "alikunywa soda tu" mnanipotezea dakika. Waje na kikaratasi cha vidonge, waje na hiyo chupa, waniambie saa ngapi. Mimi sina pingu.

---

MzeeWaNidhamu

Hapo kwenye kulaza ubavu sina ubishi. Nilikuwa sijui. Ila kiboko kidogo hakiui.

---

KochaChikongola

Wakuu nimerudi na mrejesho, samahani nimechelewa.

Alhamisi sikuongea chochote mwanzo. Nilimwita golikipa, nilishaongea na mama yake kwanza, dogo mwenyewe akakubali. Nikasema nani alimbeba siku ile, wakanyoosha mikono 3. Nikasema haya mbebeni mmlaze kama mlivyomlaza. Wakaanza kwa kucheka. Wakamlaza chali pale kwenye mchanga nyuma ya goli, mmoja akavua jezi akamfunika kama ile kanga. Nikasema sasa rudini kucheza kama mlivyorudi. Wakatoka hatua kama 20. Nikamwambia golikipa koroma kama mama wa vitumbua alivyosema, na yule mtoto sijui alijifunzia wapi, labda ni kifua chake hakijapona, akatoa mkoromo uliokata, kimya, tukasubiri. Hakuna aliyecheka tena. Mmoja akakimbia kurudi bila kuambiwa.

Halafu nikawaambia ya mlinzi wa ghala, winga mdomo wazi akasema "kwa hiyo kocha bia zako 2 mlinzi anapiga miayo?" nikasema ndio, anapiga miayo, na nikimeza vali juu yake analala, na mimi sio mjanja kuliko golikipa. Hilo ndo jibu nililolikosa siku ile, na nililipata kwenu.

Yule wa vidonge alikuja. Nilimtumia ujumbe kwamba ni mazoezi tu. Alikaa nyuma hakusema neno, lakini tulipoanza kugeuzana ubavu wawili wawili akasema anataka kumgeuza golikipa yeye. Akamgeuza. Akamfungua mdomo akaangalia fizi, kama nesi ulivyosema, akakaa hapo kichwani muda mrefu mpaka nikamwambia basi dogo inatosha.

Bibi, wimbo hawajatunga bado, wanasema wataimba singeli, sijui kama nyakanga atakubali.

Shida moja nesi. Mwishoni walisema kocha na wewe lala tukugeuze. Mimi nina kilo 96. Walinivuta 3 wakashindwa, nikabaki chali kama kasa, na mtu mzima wa shughuli anaweza kuwa kama mimi.

---

NesiWaLindi

Hahaha kocha. Walikuvuta mkono au tumbo, najua. Wasivute mwili. Wakunje goti lako la upande wa mbali mpaka unyayo ukanyage chini, mmoja ashike goti hilo mkono mmoja na bega la upande huo huo mkono wa pili, avute vyote kuelekea kwake kwa pamoja. Goti ndo mpini. Mtoto wa darasa la 6 atakugeuza peke yake.

---

BibiMabibo

Bibi anasema nyakanga anakubali singeli.

---

KochaChikongola

Sawa dada, Jumanne nalala tena. Bibi asante sana, tutakurekodia.